Ajenda ya Tisa Isomwe

Katika jengo la Umoja, lenye bendera kumi na moja mbele na lifti moja nzima kati ya tatu, alikuwako mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kusoma, na kwa miaka kumi na minane alikuwa hajasoma kitu. Msicheke. Cheo kiliandikwa mlangoni kwake, Msomaji wa Baraza, na wenzake walishaacha zamani kumwita jina lake. Ripoti juu ya nchi iliyovunja misingi ya Umoja ilipofika mbele ya mawaziri, Mwenyekiti alisema, "Ichukuliwe imesomwa." Nyundo ikagonga, ko! Nyundo ikagonga, ko! Msomaji akaketi. Ripoti ikateremshwa ghorofa ya chini kwenye makabati ya chuma, ikalala huko na wenzake.

Waasisi wa Umoja hawakutaka hivyo. Walikuwa watu walioonja jela, na walijua kwamba mtawala haogopi sana kinachoandikwa, anaogopa kinachosikika. Ndiyo maana wakaweka kanuni ya thelathini na moja: ripoti ya uvunjaji itasomwa kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya Baraza zima. Msomaji akishaanza, hakatizwi na mtu. Kilichosomwa kinaingia kwenye kumbukumbu rasmi, na nchi inayohusika lazima ijibu kwa maandishi, hoja kwa hoja, ndani ya siku thelathini. Lakini wakaacha katundu kadogo: kama muda ni mfinyu, Mwenyekiti anaweza kutamka, kabla ya kugonga nyundo ya kufungua ajenda, kwamba ichukuliwe imesomwa. Waasisi walipozikwa, katundu kakawa mlango, na mlango ukawa geti la malori.

Basi Baraza likaendesha mambo kwa mtindo wa funika kombe mwanaharamu apite. Leo nikufunikie wewe, kesho unifunikie mimi. Hata kwenye makaratasi nchi haikutajwa jina. Iliitwa "nchi mwanachama husika". Mwaka mmoja mawaziri walibishana kutwa nzima kama Umoja "umesikitishwa" au "una wasiwasi", wakaishia kwenye "unafuatilia kwa karibu", wakaenda kula. Huko kulikofuatiliwa kwa karibu, watu waliendelea kupigwa.

Mwaka huu nchi husika ilikuwa nchi ya Msomaji mwenyewe. Na katika ripoti ya mwaka huu, kiambatisho cha pili, nambari ishirini na saba, alikuwamo mdogo wake.

Nyumbani walimwita Rula. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na jina lilimkaa kwa sababu hapindi. Mwanafunzi akimwomba nusu alama ya huruma, anaonyeshwa mlango. Siku ya uchaguzi Rula alisimamia kituo cha kura shuleni kwake. Wakaja wanaume wawili na fomu iliyokwisha kujazwa, wakamwambia asaini tu. Akaisoma, akakuta kura elfu moja mia mbili. Akawaambia waliopiga kura ni mia nne na kumi na mbili, amemwona kila mmoja akiingia, na hesabu haijui mkubwa wala mdogo. Wakamchukua jioni ile ile, kalamu yake nyekundu ikiwa bado sikioni. Miezi tisa sasa. Mama yao alizunguka magereza matano, na kote aliambiwa jambo moja: hayupo, hatumjui, labda kaolewa huko.

Hilo la "labda kaolewa" ndilo Mama hakulisamehe.

Mama alikuwa mkunga mstaafu. Alihamia kwa Msomaji, nje ya nchi yao, baada ya wanaume wasiojulikana kuanza kumfuata mpaka sokoni, wakamchosha, kwa maana hawakuwa hata na adabu ya kumbebea kikapu. Asubuhi ya kikao mama na binti walikuwa mezani, chai inafuka, Mama anakata mkate kwa mkono ule ule aliokatia vitovu.

"Leo ndiyo leo?" akauliza.

"Leo, Mama. Ajenda ya tisa."

"Watasema nini?"

"Hawatasema kitu. Nitasoma kichwa cha ripoti, wataipokea, basi."

"Kichwa tu?"

"Ndiyo utaratibu."

Mama akaweka kisu chini. "Mwanangu, hebu nieleweshe mimi nisiyejua mambo ya maofisini. Kazi yako pale ni nini?"

"Kusoma."

"Mimi nimezalisha miaka thelathini na minne. Mtoto akija na makalio mbele, sikuwahi kusema haya, tuchukulie amezaliwa."

Msomaji akacheka, chai ikampalia, na kabla hajamaliza kukohoa alikuwa analia. Mama hakumbembeleza. Alimpiga mgongoni mpaka pumzi ikarudi.

"Wao wanasema hayupo," Mama akasema. "Wewe una karatasi inayosema yupo. Mficha uchi hazai. Soma."

"Mama, hawataniruhusu."

"Sijakwambia uombe ruhusa."

Ofisini Katibu wa Baraza alikuwa anamsubiri. Huyu walimwita Bwana Busara, si kwa kuwa alikuwa nayo nyingi, bali kwa kuwa kila jambo gumu alilimaliza kwa "tutumie busara", maana yake tusifanye kitu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa wa kwanza kubeba jeneza kwenye msiba wa jirani, mradi asiulizwe marehemu kauawa na nani.

"Kaa, dada," akasema. "Nimekiona kiambatisho."

"Na mimi nimekiona."

"Nakuonea huruma, Mungu shahidi. Kwa nini usipumzike leo? Una homa. Uso unaonyesha."

"Sina homa."

"Una ndugu ndani ya ripoti. Watu watasema una upande."

"Kusoma mstari mmoja kuna upande gani? Si ndiyo mnaniambia kila mwaka, kichwa tu?"

Bwana Busara akazipanga upya kalamu ambazo zilikuwa zimepangika. "Waziri wenu yumo humu ndani," akasema kwa sauti ya chini. "Mwakani nchi yenu ndiyo inashika uenyekiti wa Umoja. Tutumie busara."

"Wewe tumia busara, bwana mkubwa. Mimi natumia kanuni," akasema Msomaji, akachukua jalada lake akatoka.

Sasa, Mwenyekiti wa mwaka ule alikuwa waziri mchangamfu, mgeni kwenye kiti, ambaye hakupenda kitu katika cheo kile kama alivyopenda nyundo. Aligonga kufungua, aligonga kufunga, aligonga akitaka maji. Wakalimani kule juu vibandani walishampa jina: Nyundo. Bwana Busara aliujua ugonjwa wa bosi wake, kwa hiyo alimbandikia mezani karatasi ya njano yenye herufi kubwa: AJENDA YA TISA, TAMKA KWANZA, NDIPO UGONGE. Nyundo akaishukuru ile karatasi, akaweka juu yake bilauri ya maji.

Ilipofika saa saba kasorobo walikuwa wamemaliza ajenda ya nane. Nje, bustanini, mpigapicha alikuwa ameshapanga viti vya picha ya pamoja, na ndani mawaziri walikuwa wameanza kunyoosha tai. Mmoja alikuwa akichora kuku kwenye ukingo wa makaratasi yake. Waziri wa nchi husika, mtu wa sauti laini na manukato yaliyomtangulia mlangoni, alikuwa amekunja mikono akimtazama Msomaji kwa upole wa mtu asiye na wasiwasi.

"Ajenda ya tisa," akasema Nyundo. "Ripoti ya Kamati ya Waangalizi kuhusu nchi mwanachama husika." Na mkono wake, uliokwisha kuzoea, ukashuka. Ko!

Ndipo akaendelea, "Ichukuliwe ime..."

Bwana Busara akafumba macho.

Katika ukumbi mzima, waliotambua kilichotokea walikuwa watatu: Bwana Busara, mkalimani mzee wa kibanda cha kwanza, na Msomaji. Nyundo ilikuwa imetangulia tamko. Kwa kanuni ya thelathini na moja, ajenda ilikuwa imefunguliwa na neno lilikuwa la Msomaji. Kosa hilo lilishatokea mara mbili katika miaka kumi na minane, na mara zote mbili yeye alisubiri kwa adabu Mwenyekiti amalizie sentensi yake. Adabu ile sasa ilimchoma kifuani. Ripoti zile nazo zilikuwa na viambatisho, na viambatisho vilikuwa na wadogo za watu.

Akasimama.

"Ripoti ya Kamati ya Waangalizi," akasoma, "kuhusu uvunjaji wa misingi ya uchaguzi huru na haki za raia." Hapo ndipo alipozoea kuketi. Hakuketi. "Aya ya kwanza."

Waziri wa kuku akainua kalamu.

"Ahsante, Msomaji," akasema Nyundo, bado anatabasamu. "Imetosha."

"Kati ya mwezi wa pili na wa tatu, Kamati ilitembelea wilaya kumi na nne..."

"Msomaji, nimesema ahsante."

"...ikawahoji mashahidi mia moja na tisa..."

Waziri wa nchi husika akawasha kipaza sauti chake. "Mwenyekiti, hoja ya utaratibu! Huyu mama anafanya nini?"

Nyundo akamgeukia Katibu wake. Bwana Busara alikuwa analowa jasho. "Mheshimiwa," akanong'ona, lakini kipaza sauti cha Mwenyekiti kilikuwa wazi, na ukumbi wote ukasikia, "akishaanza hakatizwi."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

"Waasisi, mheshimiwa."

Picha za Waasisi zilikuwa ukutani nyuma ya kiti chake, na mawaziri kadhaa wakazitazama kwa mara ya kwanza katika miaka mingi.

Nyundo akabonyeza kitufe. Taa nyekundu kwenye kipaza sauti cha Msomaji ikazimika, na sauti yake ikawa ndogo ghafla ndani ya ukumbi ule mkubwa. Mawaziri wengi walifuata kikao kwa visikilizio, kila mmoja kwa lugha yake, na bila kipaza sauti wakalimani nao hawasikii kitu. Waziri wa nchi husika akakunja tena mikono.

Lakini kuna jambo ambalo mawaziri hawakulijua, maana hawajawahi kupanda zile ngazi za nyuma hadi vibandani. Kila ripoti hupelekwa kwa wakalimani siku tatu kabla ya kikao, waiandae. Waliitafsiri yote, kila mwaka, kurasa arobaini, kisha wakasema mstari mmoja na zilizobaki wakazitia kwenye pipa la taka. Mkalimani mzee alikuwa amechoka kutupa kazi yake. Alimtazama Msomaji kupitia kioo, akaona midomo yake inakwenda, akaweka kidole kwenye aya ya pili, akaendelea. Kibanda cha pili kikamfuata. Cha tatu nacho hakikutaka kuachwa. Masikioni mwa mawaziri, ripoti haikukatika hata nukta.

Msomaji hakulijua hilo. Alidhani anausomea ukuta, na akapaza sauti vile vile. Ilikuwa sauti ya mama yake wodini, ile aliyotumia kumwambia mzazi asukume, na Msomaji hakujua kama alikuwa nayo. Alisoma wilaya kwa wilaya, kituo kwa kituo. Alisoma jibu la serikali, kwamba hakuna mfungwa wa aina hiyo. Akafungua kiambatisho cha pili, akaanza majina. Jina, kazi, siku ya kukamatwa. Muuguzi. Dereva wa lori. Mchapaji. Mwanafunzi wa sheria. Fundi cherehani, na mume wa fundi cherehani kwa kosa la kuuliza alikopelekwa mkewe. Mawaziri wawili walitoka kwenda kwenye picha. Waliobaki, hata yule wa kuku, walikuwa wameshika visikilizio kwa mikono miwili.

Nambari ishirini na saba. Alisoma majina yote matatu ya mdogo wake, hata lile la bibi yao ambalo Rula alilificha shuleni asichekwe. "Mwalimu wa hesabu. Msimamizi wa kituo cha kura. Alikataa kusaini kura elfu moja mia mbili. Kura zilizopigwa zilikuwa mia nne na kumi na mbili."

Akanywa maji. Waziri wa nchi husika akaona ndiyo nafasi yake, akapiga meza kwa kiganja. "Hakuna mtu kama huyo!"

Msomaji akamtazama usoni. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia mtu yule, mengine hata mama yake angeziba masikio. Lakini kanuni haikumruhusu kuongeza neno lake, naye hakuongeza. "Nambari ishirini na saba," akasema, akaisoma tena yote, taratibu, mpaka mia nne na kumi na mbili. Ndipo akaenda ishirini na nane.

Walikuwa arobaini na moja. Alisoma mpaka sahihi za Kamati, akafunga jalada saa nane na dakika kumi. Bustanini mvua ilikuwa imeshanyesha juu ya viti vya picha ya pamoja.

Nyundo akataka kila kitu kifutwe kwenye kumbukumbu. Akamuuliza Katibu wake mbele ya wote, kanuni inasemaje. Bwana Busara akasimama, akaangalia mlango, akaangalia dari. Waliomjua walilisubiri neno lake lile. "Mheshimiwa," akasema, "maji yakimwagika hayazoleki. Imesomwa." Akaketi haraka kabla hajaulizwa tena.

Msidhani Umoja uligeuka malaika. Baraza halikuiwekea nchi ile kikwazo hata kimoja. Lilisema linafuatilia kwa karibu. Siku ya tatu Msomaji akapewa barua kwamba nafasi ya Msomaji wa Baraza imefutwa "kwa sababu za kiutendaji". Wakataka funguo, akawapa. Mkalimani mzee akamsindikiza mpaka kwenye ile lifti nzima, na hapo ndipo alipomwambia.

"Ulisikika mpaka nukta ya mwisho, dada. Kwa lugha tatu."

Msomaji alicheka peke yake ndani ya lifti, ghorofa zote sita.

Lakini siku thelathini ni siku thelathini, na hakuna serikali inayotaka kukalia kiti cha uenyekiti huku jalada lina hoja yake isiyojibiwa. Siku ya ishirini na tisa jibu likaja, kurasa kumi na moja, uongo mtupu kwa karatasi nzuri, kila mtu kabandikwa tuhuma yake. Nambari ishirini na saba: "Mtajwa anashikiliwa katika gereza la wanawake la mkoa kwa tuhuma za kuvuruga zoezi la uchaguzi. Afya yake ni njema." Nakala ilimfikia Msomaji kwenye bahasha isiyo na jina la mtumaji, lakini anwani ilikuwa imeandikwa kwa ule mwandiko mdogo wa Bwana Busara.

Mama akamtaka aisome mara tatu. "Anashikiliwa," akasema. "Si walisema kaolewa?" Kisha akaingia chumbani kutafuta viatu vya safari.

Watu waliwaonya wasirudi nchini kwao, watakamatwa uwanja wa ndege. Mama akajibu kwamba hapokei ushauri kwa mtu ambaye hajapotelewa na mtoto.

Lango la gereza lilikuwa la bati la kijani, lenye kidirisha. Askari wa zamu, mwanamke wa makamo, hata daftari hakulifungua.

"Huyo hayupo, mama. Si nilishakwambia ulipokuja?"

"Uliniambia," Mama akajibu. "Ukaniambia na kuolewa kaolewa." Akamgeukia binti yake. "Soma."

Nyuma yao kulikuwa na foleni ya watu kama ishirini, wenye vikapu na chupa za maji. Msomaji akafungua karatasi, akaanza juu kabisa: jina la Umoja, nambari ya jalada, tarehe, mhuri wa wizara.

"Haya, haya, nimeelewa," akasema askari. "Si lazima usome yote."

"Yote," Mama akasema.

Akasoma yote, kwa sauti ile ile ya ukumbini. Kwenye nambari ya tano mwanamume mmoja katika foleni alipiga ukelele. Kwenye ya kumi na tatu mama mmoja akaketi chini pale pale na kikapu chake mapajani, akawa anasema, "Rudia hiyo, mwanangu, rudia hiyo," na Msomaji akairudia. Kabla hajafika ishirini na saba, askari alikuwa ameshainua simu.

Waliwapa dakika kumi, kwenye chumba chenye waya katikati. Rula alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa, na jino moja la mbele halikuwapo. Mama akapitisha vidole kwenye waya, akamshika pale alipoweza kumshika. Kisha Rula akamtazama dada yake kwa jicho la mwalimu anayesahihisha daftari.

"Dada, humu tumesikia kwamba ulisoma mbele ya mawaziri."

"Nilisoma."

"Ulisema ngapi?"

"Mia nne na kumi na mbili."

"Wakaandika?"

"Wakaandika."

Rula akaegemeza paji la uso kwenye waya, machozi yakaanza kumtoka. "Hizo hizo," akasema.